Sato na mabano yake

Tuseme kijana mmoja alianza masomo ya uvuvi mwaka 1970. Alifundishwa kwamba sato anaitwa Tilapia nilotica, akakariri. Mdogo wake akaingia chuo kilekile miaka saba baadaye, akakuta kitabu kinasema Sarotherodon niloticus. Mtoto wa dada yao alipofika zamu yake, mwishoni mwa miaka ya 1980, akaandika kwenye mtihani Oreochromis niloticus na kupata vema yake. Muda wote huo sato mwenyewe alikuwa anaparwa magamba kwenye mwalo wa Kirumba, Mwanza, anapakwa chumvi na ndimu, anakaangwa mzima mzima, na hakuna mama ntilie aliyeona tofauti.

Jina hilo likiandikwa kwa ukamilifu linasomeka hivi: Oreochromis niloticus (Linnaeus, 1758). Wengi husoma maneno mawili ya mwanzo, yaliyobaki wakayaacha kama mapambo ya wasomi. Lakini mabano yale yana kazi. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinaelekeza hivi: mnyama akiwa bado yumo kwenye jenasi aliyowekwa siku ya kwanza, mtu aliyemwandika anatajwa wazi, bila mabano. Mnyama akihamishiwa jenasi nyingine, aliyemwandika anafungiwa ndani ya mabano. Ni kama muhuri wa uhamiaji kwenye pasipoti. Ukiuona, jua mwenye pasipoti aliwahi kuvuka mpaka. Linnaeus wa Sweden alimwandika samaki huyu wa Mto Nile mwaka 1758, na tangu hapo sato amevuka mipaka kadhaa bila kutoka majini.

Sato ni wa familia ya siklidi, familia ambayo imejaa mabano kuliko nyingi. Humo wamo perege, ngege, mbiru, furu, kuhe wa Kigoma na mbuna wa Ziwa Nyasa. Ziwa Victoria peke yake linakadiriwa kuwa lilikuwa na spishi 500 hivi, Tanganyika lina 240 hivi, na Nyasa linayazidi yote mawili. Wanasayansi wamekuwa wakizipanga na kuzipangua spishi hizo kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini, na kazi bado mbichi.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo dogo ambalo Mswahili analielewa haraka kuliko Mwingereza. Kwa nini nilotica iligeuka niloticus? Ni suala la ngeli. Katika jina la sato, neno la pili ni sifa, na kwa Kilatini sifa hukubaliana na nomino yake, kama sisi tunavyosema kisu kikali lakini mbwa mkali. Tilapia ni nomino ya jinsia ya kike. Sarotherodon na Oreochromis ni za kiume. Ukimhamisha samaki, huna budi kumbadilishia na kiishio. Ndiyo maana ngege, ambaye Michael Graham alimwandika mwaka 1928 baada ya uchunguzi wake wa Ziwa Victoria kwa jina Tilapia esculenta, leo ni Oreochromis esculentus (Graham, 1928). Maana ya sifa hiyo haikuguswa: ni samaki wa kuliwa, na aliliwa kwelikweli.

Asili ya neno Oreochromis lenyewe iko hapahapa nyumbani. Mashariki ya Kilimanjaro kuna Ziwa Chala, shimo la volkano lililojaa maji, ambalo mpaka wa Tanzania na Kenya umelipasua katikati. Mwaka 1889 Albert Günther, bingwa wa samaki katika jumba la makumbusho la Uingereza huko London, alielezea samaki waliotoka wilaya za Kilimanjaro. Miongoni mwao alikuwamo mmoja wa Chala aliyemwona ni wa pekee, akamuundia jenasi yake. Alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya mlima, akaliunganisha na chromis, jina la kale la samaki ambalo wakati ule lilitumika kwa jamii hii nzima. Akamwita Oreochromis hunteri, kwa heshima ya Hunter aliyempelekea samaki hao. Ukimwandika leo, unaandika Oreochromis hunteri Günther, 1889. Mabano hayapo, kwa kuwa yumo kwenye jenasi aliyozaliwa nayo.

Kwa miaka zaidi ya tisini jina hilo la mlimani lilikaa kabatini likiwa halina kazi kubwa. Sehemu kubwa ya perege wa Afrika walitupwa kwenye kapu moja lililoitwa Tilapia, jenasi iliyoundwa na Andrew Smith mwaka 1840 kwa samaki wa kusini mwa Afrika. Inasemwa kwamba neno hilo lilitokana na jina la samaki kwa Kitswana. Lilikuwa kapu kubwa mno. Mwenye kulipekua alikuwa mwanamke mmoja wa London, Ethelwynn Trewavas, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufa 1993, na ambaye alitumia sehemu kubwa ya karne hiyo akihesabu miba ya mapezi ya samaki wetu.

Kuhesabu miba kulimfikisha mahali, kisha kukamkwamisha. Perege wa aina nyingi wanafanana kwa miba, kwa magamba na hata kwa umbo. Trewavas akaupa uzito mkubwa mwenendo ambao wavuvi wa Ziwa Victoria wanaujua tangu utotoni: mayai yanalelewa wapi?

Kuna perege wanaotaga juu ya jiwe au chini ya maji palipofagiliwa, kisha baba na mama wakalinda mayai kama walinzi wa zamu. Kuna wanaoyaweka mdomoni, na mwenye kuyabeba akawa baba, au wazazi wote wawili. Na kuna kundi la tatu, la sato na ngege, ambako kazi yote ni ya mama. Dume huchimba shimo la duara mchangani na kucheza hapo juu akiita majike. Jike huja, hutaga, na papo hapo huyabugia mayai. Hukaa nayo kinywani hadi yaanguliwe, huku akila kidogo sana au asile kabisa. Vifaranga vinapoanza kutoka, huzunguka karibu na kichwa chake, na hatari ikitokea vinarudi kinywani kama watoto wanaokimbilia nyuma ya khanga. Mvuvi akimnasa jike wa namna hiyo, mara nyingi humwona akitema vifaranga ndani ya mtumbwi.

Kwa kutumia mwenendo huo pamoja na mifupa na meno, Trewavas aliwatoa walezi wa kinywani kwenye Tilapia mwaka 1973 na kuwapa jina Sarotherodon. Hakuishia hapo. Katika kitabu chake kikubwa cha 1983 aliwagawa tena, wale ambao mama peke yake ndiye mlezi wakawa na jenasi yao. Jenasi hiyo iitweje? Kanuni inampa haki aliyetangulia, na jina la zamani kuliko yote ndani ya kundi hilo lilikuwa lile la Günther, la samaki wa Chala. Kwa hiyo kila mnofu wa sato uliogandishwa katika maduka ya Ulaya, kila kifaranga katika mabwawa ya China na Misri, kinabeba Kilimanjaro ndani ya jina lake la kisayansi. Hilo halijaandikwa kwenye pakiti hata moja.

Kichekesho kilikuja mwaka 2013. Andreas Dunz na Ulrich Schliewen wa Munich walichapisha mti wa ukoo uliojengwa kwa DNA, na hata wale waliokuwa wamebaki kwenye kapu la Tilapia wakaonekana si ndugu wa tumbo moja. Perege mwenye tumbo jekundu aliyejulikana kama Tilapia zillii akawa Coptodon zillii. Mwenzake rendalli akamfuata. Jenasi Tilapia ikabaki na samaki wachache wa upande wa kusini, wakiongozwa na Tilapia sparrmanii aliyeianzisha. Matokeo yake ni kwamba samaki anayeuzwa duniani kote kwa jina la tilapia, kisayansi si Tilapia kabisa. Wafanyabiashara hawakujali, na kusema kweli hawakuwa na sababu ya kujali.

Ngazi za juu nazo zimetikisika. Kwa muda mrefu siklidi waliwekwa pamoja na pono, yule samaki wa miamba ya pwani anayesifika kwa usingizi. Sababu ilikuwa taya la pili. Siklidi ana taya lingine ndani ya koo, linalosaga chakula wakati mdomo wa mbele unaendelea kunasa kingine, na pono anacho chombo kinachofanana nacho. DNA ilipoulizwa ikasema hapana: hizo ni mashine mbili zilizobuniwa kila moja kivyake. Ndugu wa karibu zaidi wa sato wamo kwenye kundi la mkizi, chuchunge na panzi wa baharini. Siku hizi siklidi wana oda yao wenyewe katika mipangilio mingi, wakitengwa na ile oda kubwa ya sangara iliyokuwa ikimeza kila samaki mwenye miba.

Lakini uhamisho wote huo ni mchezo wa watoto ukilinganisha na kisa cha furu.

Furu ni samaki wa kujaa kiganja. Wajaluo wanamwita fulu, Waganda nkejje, na Mwanza ndiye chambo maarufu cha ndoano za sangara. Mwaka 1888 Franz Hilgendorf wa Berlin alifungua mzigo wa samaki waliokusanywa na marehemu Dk. Fischer kutoka Ziwa Victoria, ambalo Wajerumani waliliita pia Ukerewe. Kulikuwa na mmoja ambaye meno yake yamelala upande, yanayofaa kukwangua ukoga kwenye mawe na majani. Hilgendorf akamwita obliquidens, mwenye meno ya mshazari, akamwekea kundi jipya: Haplochromis. Hakujua kwamba amefungua mlango wa nyumba yenye vyumba mia tano.

Tatizo la furu linaanzia kwenye chupa. Dume wa furu akiwa hai ni sherehe: kuna mwenye mgongo mwekundu kama kaa la moto, kuna wa bluu ya chuma, kuna wa njano yenye mistari myeusi, na kwenye pezi la nyuma la chini ana madoa ya rangi ya chungwa yanayofanana na mayai. Mtumbukize kwenye fomalini kisha kwenye spiriti, umpeleke Ulaya kwa meli. Atakayefika ni samaki wa kahawia na kijivu, mkavu wa rangi kama jani la mgomba lililoanguka. Mwanasayansi wa London au Berlin aliweza kupima urefu wa taya, kuhesabu vijino kwenye matamvua na kuchora meno. Rangi, ambayo furu wenyewe huitumia kutambuana, haikumfikia.

Basi wakapanga kwa meno. George Albert Boulenger alifanya hivyo katika orodha yake ya samaki wa maji baridi ya Afrika, juzuu nne zilizotoka kati ya 1909 na 1916. Tate Regan akaja miaka ya 1920, akapunguza vurugu kwa kuwajumlisha wengi mno chini ya Haplochromis. Kapu jingine kubwa.

Humphry Greenwood alikuwa na bahati ambayo waliomtangulia hawakuwa nayo: aliishi Jinja. Miaka ya 1950 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki kilichokuwa hapo, akawaona furu wakiwa bado wanaruka kwenye nyavu. Akaandika mfululizo wa makala kuanzia 1956, kundi baada ya kundi: wala konokono, wala wadudu, wala samaki wenzao, na hata wale wezi wanaowanyang'anya akina mama mayai na vifaranga kutoka kinywani. Chakula kilikuwa kimechonga kila taya kwa namna yake, na Greenwood alizisoma taya hizo kama fundi anavyosoma vipuri.

Kisha samaki mmoja akamtia shaka. Astatoreochromis alluaudi ni mponda konokono wa Ziwa Victoria. Taya lake la kooni ni nene na meno yake ni bapa kama mawe ya kusagia. Greenwood alipochunguza samaki hao waliolelewa mahali ambapo hawakuwa wakila konokono, aliwakuta na taya jembamba na vijimeno vyepesi. Damu ni moja, ukoo ni mmoja, lakini chakula kimebadilisha mfupa. Makala yake ya 1965 iliweka wazi hatari yake kwa kazi ya kupanga spishi: kama taya linafuata chakula namna hii, mtu akiletewa chupa mbili bila maelezo angeweza kuandika spishi mbili kwa mkono ulionyooka kabisa.

Pamoja na hayo, mwaka 1979 na 1980 Greenwood alilipasua kapu la Haplochromis. Aliacha samaki wachache wenye meno ya mshazari chini ya jina la Hilgendorf, wengine wote akawagawia jenasi mpya au za zamani zilizofufuliwa: Harpagochromis, Labrochromis, Enterochromis, Yssichromis, na nyingine nyingi ambazo hata wataalamu walilazimika kubandika orodha ukutani. Mabano yakamiminika. Wengine walifurahi kupata mpangilio. Wengine, hasa waliokuwa wakifanya kazi na samaki wabichi, walikuta kila siku samaki anayekaa katikati ya jenasi mbili na kukataa kuegemea upande. Mwaka 1996 Martien van Oijen wa Leiden akapendekeza wengi wao warudishwe kwa muda Haplochromis hadi ushahidi bora upatikane. Mpaka leo kuna orodha zinazofuata njia hii na zinazofuata ile.

Waholanzi wa Leiden walikuwa na sababu ya kusema. Kuanzia 1977 kikundi chao kilipiga kambi Mwanza, wakishirikiana na watafiti wa Tanzania kuwachunguza furu wa ghuba ile. Wakati huo furu walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki waishio karibu na sakafu ya ziwa. Kila kokoro lilitoa sura mpya, na kazi ya kuandika spishi rasmi ni ya polepole, kwa hiyo nyingi zilipewa majina ya utani ya kutumia huku zikisubiri zamu. Zamu ikachelewa. Sangara, aliyekuwa ameingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alifurika kwenye Ghuba ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980, na furu wakayeyuka. Inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi zilitoweka, nyingine zikiwa bado hazina jina. Haplochromis argens alivuliwa Mwanza hadi mwaka 1986, akapotea kabisa. Jina lake rasmi lilichapishwa mwaka 2013. Samaki huyo alipata cheti cha kuzaliwa miaka ishirini na saba baada ya kuonekana mara ya mwisho.

Waliobaki hawakubaki walivyokuwa. Haplochromis pyrrhocephalus alirudi kwa wingi miaka ya 1990, lakini akiwa na matamvua makubwa zaidi, kwa maji yenye hewa kidogo, na kichwa chenye vipimo tofauti na vya wazee wake waliomo kwenye chupa. Anayetaka kumtambua kwa kipimo cha zamani atahangaika.

Katikati ya msiba huo kuna samaki mmoja aliyepanda chati. Mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aling'atuka, Els Witte-Maas na Frans Witte walimwandika furu mwenye mgongo mwekundu wa miamba ya kusini mwa ziwa na kumwita Haplochromis nyererei. Mwaka 1998 Ole Seehausen na wenzake, ambao walishughulikia furu wa mawe kwa kutumia rangi na mpangilio wa mistari ubavuni pamoja na mifupa, walimhamishia jenasi mpya waliyoipa jina la Kiswahili kitupu: Pundamilia. Mwenzake wa bluu ya kijivu akawa Pundamilia pundamilia, punda milia mara mbili. Ukifuata kundi hilo utaandika Pundamilia nyererei (Witte-Maas & Witte, 1985). Ukifuata wanaorudisha kila furu Haplochromis, utaandika jina la mwaka 1985 na mabano yatafutika. Mwalimu yumo kwa vyovyote; kinachobishaniwa ni nyumba yake.

Seehausen alionyesha pia kwa nini mabishano hayaishi. Kwenye maji maangavu ya kisiwa cha Makobe, mwekundu na wa bluu ni watu wawili wasiooana. Jike anachagua kwa rangi. Ukielekea ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji yanazidi kuwa na matope, na kwenye kisiwa cha Luanso huwapati wawili tena. Kuna furu mmoja wa rangi za katikati. Katika maabara, chini ya taa ya rangi ya chungwa inayoficha tofauti ya nyekundu na bluu, majike waliacha kubagua. Kwa hiyo jibu la swali la spishi ngapi linategemea umesimama kisiwa gani na maji yana tope kiasi gani.

DNA, iliyomaliza ubishi mwingi wa perege, hapa ilishika kichwa. Mwaka 1990 Axel Meyer, Thomas Kocher, Basasibwaki wa Uganda na Allan Wilson walilinganisha kipande cha DNA cha spishi 14 za furu kutoka jenasi tisa. Tofauti waliyoikuta kati ya jenasi hizo zote ilikuwa ndogo kuliko ile iliyomo kati ya binadamu na binadamu. Meno yalisema jenasi tisa, damu ikasema watoto wa nyumba moja. Wachunguzi wa matope ya chini ya ziwa waliongeza chumvi mwaka 1996 kwa kuonyesha kwamba Ziwa Victoria lilikauka na kujaa upya miaka kama elfu kumi na tano iliyopita. Na mwaka 2017 timu ya Joana Meier ilieleza kwamba furu hawa wanatokana na mchanganyiko wa kale wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya juu ya Nile. Mti wa ukoo unaochorwa kwa matawi yanayoachana utawawekaje samaki ambao shina lao lenyewe ni mito miwili iliyokutana?

Tanganyika, kwa kulinganisha, ni ziwa la wazee wenye subira. Siklidi wake wameachana zamani za kutosha kwa wataalamu kuwapanga katika makabila, ndivyo ngazi hiyo inavyoitwa, na Max Poll wa Ubelgiji aliyahesabu 12 mwaka 1986. Tetsumi Takahashi wa Japani akayafikisha 16 mwaka 2003. Kuhe, siklidi mkubwa kuliko wote Afrika na mtamu sana kwa mawese, alikuwa amewekwa na Poll kwenye kabila la perege. Takahashi akampa kabila lake peke yake.

Nyasa nako kuna ugomvi ambao mtu wa nje angeuona wa kuchekesha. Mbuna mmoja mwenye mistari, aliyekuwa Pseudotropheus zebra, ana majina mawili ya jenasi yanayopigana. Meyer mwingine, si yule wa DNA, pamoja na Foerster walitoa jina Maylandia mwaka 1984. Mwaka 1997 Jay Stauffer na wenzake, wakiona kwamba jina hilo halikutimiza masharti ya kanuni, walitoa Metriaclima. Wengine wakajibu kwamba masharti yalitimizwa. Hakuna anayebishana kuhusu samaki. Mabishano yote yako kwenye aya chache za mwaka 1984. Mwaka 2014 jenomu yake ilipochapishwa, pamoja na ya sato na ya nyererei, ilitoka kwa jina Metriaclima, huku orodha nyingine kubwa zikishikilia Maylandia.

Mtu mwenye shamba la samaki Morogoro anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kuanzia kwenye kifaranga. Sato amesambazwa karibu kila bonde la mto Tanzania, na huko anazaana na perege wa asili ambao hawapatikani kwingine, hadi ukimkamata samaki hujui ni nani. Mradi wa kumwokoa ngege, ambaye sasa yuko kwenye hatari kubwa ya kutoweka, hauwezi kuanza bila mtu wa kusema kwa uhakika kwamba samaki huyu kwenye ndoo ni ngege na huyu ni chotara. Utafiti wa DNA wa mwaka 2019, ulioshirikisha wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, uligusa hata visamaki vya Natron na Magadi, vinavyoishi kwenye chemchemi za magadi zenye joto linaloweza kupita nyuzi 40. Vilikuwa na jenasi yao, Alcolapia, kwa jinsi vinavyoonekana vya ajabu. Ukoo wao ukaangukia katikati ya Oreochromis. Ni mabinamu wa sato waliozoea kuchemshwa.

Kule Rungwe, mbali na maziwa makubwa, kuna ziwa dogo la volkano linaloitwa Masoko, lenye upana wa mita 700 hivi. Ndani yake anaishi samaki ambaye wanasayansi, wakiwamo George Turner na Benjamin Ngatunga, wamemfuatilia kwa miaka kadhaa. Ukingoni, kwenye maji ya kina kifupi, madume ni ya njano. Ukishuka chini, mwanga unapofifia, madume ni ya bluu iliyoiva, taya zao ni tofauti na chakula chao ni tofauti. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yanaonyesha kwamba makundi hayo mawili yalianza kuachana ndani ya miaka 500 hadi 1,000 iliyopita, na kwamba katika jenomu yao kuna sehemu 55 zilizokwisha kutengana sana, zikiwamo zinazohusu uwezo wa kuona kwenye giza la chini. Kwingine kote bado wanafanana.

Hawajagawanywa. Wa njano na wa bluu wote bado wanaandikwa Astatotilapia calliptera (Günther, 1894).